Bustani ya Sultani na Paka Mzee

Katika miaka ya 1830, Mwingereza Edward William Lane aliandika juu ya desturi za watu wa Cairo, na miongoni mwa aliyoyaeleza ni mkusanyiko wa kila alasiri katika ua wa kadhi. Waliokusanyika hawakuwa wadai wala mashahidi, bali paka. Waliletewa nyama, wakala, wakatawanyika. Gharama ilikuwa juu ya kadhi, na asili ya desturi hiyo ilikuwa ya karibu miaka 600 nyuma. Sultani Baibars, aliyetawala Misri tangu 1260 hadi 1277, aliweka wakfu bustani yake kaskazini mwa mji ili mapato yake yawalishe paka wasio na mwenyewe. Bustani hiyo baadaye iliuzwa, ikauzwa tena, hata pato la paka likabaki kodi ya ardhi ya piasta 15 kwa mwaka, fedha isiyofika popote. Hata hivyo kadhi, kwa kuwa ndiye msimamizi wa mali za wakfu, alibaki na mzigo. Tena Lane anaeleza kwamba mtu wa Cairo aliyeshindwa kumweka paka wake alimpeleka katika ua huohuo, akamwachia huko.

Hilo la kumwachia huko ndilo linalonirudisha kwenye suala la siku hizi. Katika vituo vya kuhifadhi wanyama vya Ulaya na Marekani, paka wa miaka 12 ndiye anayekaa kizimbani muda mrefu kuliko wenzake. Wageni humpita wakiwaendea paka wachanga. Wengi husema sababu ni moyo: watu hupenda kidogo na kizuri, huchoka na kikuukuu. Sikatai kwamba moyo una sehemu yake, lakini historia inaonyesha sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Paka mzee hukosa pa kwenda pale ambapo gharama zake hazina mwenyewe. Palipotengwa fungu mapema, uzee haukuwa kasoro, wala hakuna aliyeuliza paka wa ua wa kadhi ana miaka mingapi.

Ushahidi wa pili unatoka Gujarat, nchi ya wafanyabiashara waliojulikana sana katika bandari za pwani yetu. Msafiri Ralph Fitch, aliyepita India katika miaka ya 1580, aliandika kwamba huko kulikuwa na hospitali za mbwa na paka vilema, na za ndege. Makao hayo huitwa panjrapole. La Bombay lilianzishwa mwaka 1834, na mfanyabiashara Jamsetjee Jejeebhoy akiwa mmoja wa waasisi wake, baada ya ghasia zilizozuka serikali ya Waingereza ilipoamuru mbwa wa mitaani wauawe. Imani ya Wajaini na Wahindu iliyasimamisha makao haya, lakini imani hainunui majani wala maziwa. Wafanyabiashara walijitoza kiasi fulani juu ya bidhaa, kama pamba, na tozo hiyo ndiyo iliyomlisha mnyama asiyefaa tena kwa kazi wala kwa soko.

Sasa tazama London. Mwaka 1860 Mary Tealby alifungua makao ya mbwa waliopotea huko Holloway. Mwaka 1871 yakahamia Battersea, na tangu 1883 yakapokea paka pia. Bibi huyo alistahili heshima, kwani alianza kazi hiyo watu wakimcheka. Lakini makao yake yalikuwa ya kupita, si ya kukaa: mnyama alisubiri mwenyewe ajitokeze, asipotokea alitafutiwa nyumba mpya, na siku zikiisha aliuawa. Mwaka 1884 daktari Benjamin Ward Richardson aliwajengea chumba cha kuulia kwa hewa ya sumu, akikusudia kifo kisicho na maumivu. Hapo ndipo umri ulipoanza kuwa hukumu. Uhai wa mnyama ulitegemea mgeni amchague, na mgeni akichagua huhesabu miaka iliyobaki na gharama zitakazokuja. Kutetea makao hayo kwa kusema kwamba nafasi ilikuwa finyu na paka walikuwa hawafungwi kizazi ni kusema kweli. Ila utetezi huo wenyewe unathibitisha kwamba tatizo lilikuwa hesabu. Septemba 1939, vita vilipotangazwa, wakazi wa London walipanga foleni kupeleka wanyama wao wakauawe. Inakadiriwa mbwa na paka 400,000 walikufa katika wiki ya kwanza, kabla bomu lolote halijaangukia mji. Wenye wanyama hao waliwapenda. Walichohofia ni kushindwa kuwatunza.

Atapinga mtu kwamba ua wa kadhi haukuwa nyumba. Ni kweli. Kulishwa mara moja kwa siku katikati ya kundi si sawa na kulala penye joto, na paka mgonjwa hakupata daktari pale. Mwingine atasema fedha ziende kwa binadamu kwanza. Huyo nitamkumbusha kuwa Cairo ileile ilijaa wakfu za hospitali, madrasa na visima vya wapita njia, na kwamba nasi tunaijua mali ya namna hiyo, minazi iliyowekwa wakfu kwa msikiti. Bustani ya paka haikuzuia kisima kuchimbwa. Yupo pia atakayeuliza faida ya kumhangaikia paka aliyebakiza siku chache. Lakini paka wa miaka 12 anayeishi ndani aweza kuishi mingine mitano au zaidi, na ugonjwa wa figo, unaowapata wengi katika umri huo, hutulizwa kwa chakula maalumu na dawa.

Kwa hiyo mpango unaonivutia kuliko yote ni ule wa vituo vinavyotenganisha nyumba na gharama. Mtu, mara nyingi mstaafu mwenye nafasi lakini asiye na fedha za daktari, humchukua paka mzee akae naye. Kituo hubaki mwenye paka kwa maandishi. Dawa ya figo ikiisha, mtu huyo hupiga simu kituoni, na kituo hulipa, mwezi baada ya mwezi, hadi paka afe.