Haki ya kukaa na mtoto (Tanzania)

Haki ya kukaa na mtoto ni mamlaka ya kuishi na mtoto na kumlea, ambayo mahakama humpa mzazi mmoja au mtu mwingine baada ya wazazi kutengana. Tanzania Bara, hutawaliwa na Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Ustawi wa mtoto hutangulia matakwa ya wazazi na mila za jamii yao. Mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa: ikiwa mtoto amekwisha kuzoea kuishi kwa bibi yake, kwa mfano, mahakama hupima athari za kumhamisha. Mtoto aliyefikia umri wa kujieleza husikilizwa. Asiyepewa mtoto aweza kuruhusiwa kumtembelea.