Remorke 41 kutoka Cape Town hadi Kairo

Mwaka 1959, miezi tu kabla ya uhuru wetu, kundi la Wamarekani lilipita katika Kongo ya Wabeleji likivuta nyumba nyuma ya magari. Kiongozi wao aliitwa Wally Byam, yule aliyeanzisha kampuni ya Airstream kule California. Walianzia Cape Town na remorke 41 za aluminiamu, watu 106, wengi wao wazee waliokwisha kuacha kazi. Walitaka kufika Kairo kwa barabara. Na kweli, walifika mwaka 1960.

Dunia inakumbuka picha zao: Byam na Mfalme Haile Selassie huko Addis Ababa, kisha remorke zimepangwa mviringo karibu na mapiramidi. Mimi nawaza jambo lingine. Kila nyumba ile ilishikwa na gari kwa kichwa cha chuma kisichopita ngumi ya mtu. Kila shimo, kila tope, kila jiwe la Ethiopia, nguvu yake ilipita pale.

Na kile chuma peke yake hakitoshi. Ukijaza mizigo nyuma ya remorke, pua yake inakuwa nyepesi, halafu mkia unaanza kucheza kushoto na kuume. Mwishowe ni remorke inayoendesha gari! Ndiyo sababu mzigo mzito unakaa chini, mbele kidogo ya mipira. Wamarekani wanataka pua ilemee gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa remorke. Ukizidisha, nyuma ya gari inalala, mipira ya mbele inakamata barabara vibaya, usukani hausikii tena.

Kama mkia umekwisha kuanza kucheza, shofere mwenye woga anakanyaga freni kwa nguvu, na hapo remorke inamsukuma hadi kumgeuza. Afadhali aachilie mafuta polepole, ashike usukani sawasawa, mwendo upungue wenyewe. Kama remorke iko na freni zake, azifunge hizo kwanza.

Tena kuna minyororo miwili inayopishana chini ya kile kichwa. Inapishana hivyo ili kikikatika, pua ianguke juu ya minyororo, isichimbe barabara.

Wazee wa Byam walikuwa na nchi kumi hivi mbele yao, na barabara nyingi zilikuwa za udongo mtupu. Sisi tuko na lami ya Lubumbashi–Likasi. Siku moja kule niliona jip ikivuta remorke ya mahindi, imefungwa kwa waya na kamba, vijana wanne wameketi juu ya magunia, kwa nyuma kabisa. Tulipokutana kwenye kizuizi, nikamuuliza shofere minyororo iko wapi. Akacheka.

"Kaka, kamba hii ni mpya."