Suala la Mrithi katika Upasuaji wa Ubongo Hospitalini Mulago, 1969–2009

Historia ya tiba nchini Uganda aghalabu huandikwa kwa kufuata majengo na magonjwa: hospitali ya Mulago iliyoasisiwa na Albert Cook, skuli ya udaktari ya Makerere, uvimbe wa mataya ya watoto ulioelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958. Makala haya yanatumia kipimo kingine, nacho ni mrithi. Daktari bingwa ambaye pia ni mwalimu huacha wagonjwa waliopona. Historia humwuliza pia ni nani atakayeshika kisu baada yake.

Kitengo cha kwanza cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo nchini kilianzishwa Mulago mwaka 1969 na Ian Bailey, daktari kutoka Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1971 alijiunga naye Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza kubobea katika taaluma hiyo, ambaye baadaye alikiongoza kitengo. Januari ya mwaka huohuo Idi Amin alitwaa madaraka. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, na katika miaka iliyofuata wahadhiri na madaktari wengi, wageni kwa wenyeji, waliihama nchi. Kiryabwire alirithi kitengo wakati ambapo kumwandaa mrithi wake mwenyewe kulikuwa kugumu mno.

Ugumu huo una sababu. Upasuaji wa ubongo haumalizwi vitabuni. Mwanafunzi husimama kando ya mwalimu wake kwa miaka, akitazama, akisaidia, kisha akipasua chini ya jicho lake. Kazi hiyo huhitaji pia daktari wa usingizi, wauguzi, damu na vifaa. Kiungo kimoja kikikatika, mafunzo husimama. Kwa hiyo Mganda aliyetaka ubingwa huo alilazimika kuufuata ng'ambo, na nchi ikabaki kumngojea arudi.

Mfano wa kulinganisha uko Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Benjamin Warf, Mmarekani, aliwatibu huko watoto wenye kichwa maji, wengi wao wakiwa wameugua maambukizi utotoni. Mrija wa kupitishia maji ukiziba, mtoto aishiye mbali na hospitali huweza kufa. Warf akaunganisha mbinu mbili: kuyafungulia maji njia ndani ya ubongo wenyewe, na kuunguza tishu inayoyatengeneza. Mbinu hiyo aliwafundisha wengine, miongoni mwao John Mugamba, Mganda, aliyeiendeleza kazi baada ya Warf kurejea Marekani.

Mulago ilifikia hatua kama hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 2007 ulianza ushirikiano na Michael Haglund wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ulioleta vifaa na wataalamu. Mwaka 2009 yakaanza mafunzo ya ubingwa nchini humo, chini ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini.

Kati ya 1969 na 2009 ilipita miaka 40. Katika muda huo stadi ilikuwapo Mulago, mikononi mwa wachache. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuirithisha, usiotegemea maisha, afya au uvumilivu wa mtu mmoja. Vifaa vya msaada huchakaa, na wageni huondoka. Hivyo miaka ya kazi ya daktari mwalimu Kampala hupimwa vyema zaidi siku anapokuwa hayupo, mgonjwa anapoingizwa chumba cha upasuaji na mkono mwingine ukawa tayari.