Klaviye Yetu Ilitoka Wapi? Historia Fupi ya A na Q



Kila mwaka, wakati wa TFC na memware ukifika, swali moja linarudi kati yetu: ninunue klaviye gani? Siku hizi vijana wengi hapa Goma wanatafuta zile ndogo za mekaniki, za waya, zenye mataa, za kuchezea michezo. Mbele ya kutoa dola zako, tuangalie kwanza historia, juu mpangilio wa herufi haukuanguka kutoka mbinguni.

Mmarekani Christopher Latham Sholes, wa Milwaukee, alipata hati ya uvumbuzi wa mashini ya kuandika mwaka 1868. Mwaka 1874 kampuni ya Remington ikaanza kuiuza ikiwa na mpangilio wa QWERTY. Wafaransa wakageuza: A ikachukua nafasi ya Q, Z ikachukua ya W, M ikapanda pembeni ya L. Njo AZERTY. Wabelgiji nao wakaifuata. Kongo ikawa koloni lao toka 1908 mpaka 1960, na hata kisha uhuru Kifaransa kilibaki lugha ya ofisi na masomo. Kenya, Uganda na Tanganyika walipata Waingereza, wakapata QWERTY. Goma iko mpakani mwa hizo dunia mbili: masomo yetu ni ya AZERTY, lakini ordinatere nyingi za okazyo zinazofika sokoni ziko QWERTY. Mwanafunzi anatafuta A, inatoka Q, mwishoni anamulipa mtu amupigie kazi kwa ukurasa.

Sasa tuangalie Kiswahili chetu. Andika: "Watu wa Kivu wanataka amani." Herufi 23, na kati yazo A ni 8. Q hakuna hata moja. Kiswahili sanifu hakiihitaji. Lakini kwenye AZERTY, Q njo inalala chini ya kidole kidogo cha kushoto, mahali pa kupumzika, na A inabidi uipandie kila mara. W ya "watu" nayo imefukuzwa chini kabisa. Faida tuliyopata ni M, iliyo kwenye mstari wa katikati. Bakoloni walipotuletea mashini, hakuna aliyehesabu herufi za lugha yetu.

Hapa njo klaviye ya mekaniki inaingia. Si kitu kipya: klaviye za IBM za miaka ya 1980, kama Model M ya 1985, zilikuwa na risoro chini ya kila kibonye. Kisha zile za bei ndogo, zenye mpira ndani, zikajaza soko, mpaka wachezaji wa michezo wakazirudisha za mekaniki kwa nguvu. Kila kibonye kina swichi yake, na watengenezaji wengi huandika kwamba inavumilia kubonyezwa mara milioni 50. Ya waya haina batri ya kuchaji: inakula kidogo tu kwenye ordinatere, na kwa mji ambapo umeme unaenda bila kuaga, hiyo si kitu kidogo. Na vifuniko vya herufi vinatoka kwa mkono. Unaweza kubadilisha A na Q, Z na W, kisha ukachagua mpangilio kwenye programu. Angalia tu: kwenye klaviye nyingi kila mstari una urefu wake, kwa hiyo vifuniko vilivyohama vinaweza kukaa vibaya chini ya vidole.

Lakini ndogo sana ina bei yake. Ile ya vibonye 61 haina sehemu ya namba pembeni. Sisi ba-agronomi tunaingiza mavuno ya maharagwe, kiwanja kwa kiwanja, na kwenye AZERTY kila namba ya mstari wa juu inataka ubonyeze na Shift. Jedwali la mistari mia tatu litakuchokesha mkono. Kama kazi yako ni namba, chukua kubwa, ao nunua kiklaviye cha namba pembeni.

Kwa anayeandika maneno tu, ndogo inatosha. Chagua mpangilio mmoja, jifunze na vidole kumi, na pesa ya kupigisha kurasa ibaki mfukoni.

Wewe unapiga na AZERTY ao QWERTY? Tuambie hapa chini.