Mpaka wa msitu: kutoka Gazeti Rasmi hadi kwenye tarakilishi yako

Leo tuache kidogo habari za simu mpya, tuzungumzie mistari. Naam, mistari! Ule mstari wa kijani unaozunguka msitu kwenye ramani ulitoka wapi, na nani ana haki ya kuuona?

Hapa Kenya msitu wa serikali huzaliwa kwa maandishi. Karura, kwa mfano, ulitangazwa rasmi mwaka 1932. Tangazo la msitu hutaja nambari ya ramani ya mipaka, na ramani yenyewe ikabaki ofisini. Chini ya sheria ya zamani, waziri aliweza kubadilisha mpaka kwa ilani ya siku 28 katika Gazeti Rasmi. Sasa jiulize, mkulima wa Molo angeisoma wapi? Na hata akiisoma, nambari ya ramani bila ramani ni kitendawili bila jibu.

Karura ulipogawiwa wanyakuzi, Wangari Maathai na wenzake walilazimika kwenda kuutetea kwa miguu yao, 1998 na 1999, wakapigwa. Mau haukuwa na bahati hiyo. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 zilimegwa. Sheria mpya ya misitu ya 2005 ndiyo iliyotaka Bunge liidhinishe kwanza.

Wakati huohuo ramani zilianza kutoka makabatini. Orodha ya dunia ya maeneo yaliyohifadhiwa imekuwepo tangu 1981, na tangu 2010 mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye tovuti ya Protected Planet na kupakua mipaka bure, mradi si kwa biashara. Picha za setilaiti ya Landsat, ambazo zamani ziliuzwa, Marekani iliamua mwaka 2008 kuzitoa bure. Ongeza QGIS, programu huria iliyoanza 2002, na kazi iliyohitaji ofisi nzima inafanyika mezani kwako.

Mimi huweka mpaka juu ya picha za miaka tofauti, halafu natazama wapi kijani kimegeuka kahawia. Hakuna uchawi.

Lakini tahadhari! Ramani nyingi za zamani za Kenya zilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS84. Ukichanganya mifumo hiyo bila kubadilisha, mstari unasogea karibu mita 300. Hayo ni mashamba mazima, jamani! Unaweza kumwita jirani mnyakuzi kumbe yuko kwake, au kumwondolea lawama aliyejenga ndani ya msitu. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, angalia faili limetumia mfumo gani na lilitoka kwenye chanzo kipi.

Tena, faili ulilopakua si sheria. Sheria ni tangazo na ramani yake ya mipaka. Ukiona pengo ndani ya msitu, tafuta nambari ya tangazo, soma kama mpaka ulibadilishwa, kisha uulize kwa nini. Mwaka 2001 swali hilo lilihitaji mtu wa kukufungulia kabati. Leo unaweza kwenda ofisini nalo, na picha mkononi.