Ritifaa kwenye Mstari wa Amri: Kasoro za Maktaba ya Readline na Neno Ng'ombe

Historia ya Madibira haiandikiki bila neno ng'ombe. Katika bonde la Usangu, masimulizi kuhusu maji, mpunga na malisho, pamoja na kuondolewa kwa wafugaji mnamo 2006 na 2007, hulirudia neno hilo mara kwa mara. Mtafiti anayeliandika kwenye mstari wa amri wa kompyuta hukutana na kasoro ambayo, kwa hoja ya insha hii, inathibitisha kwamba kurekebisha herufi si sawa na kutambua neno.

Readline ni maktaba ya programu inayopokea na kuhariri maandishi ya mstari wa amri. Iliasisiwa na Brian Fox mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha ikatunzwa na Chet Ramey. Awali ilichukulia kila baiti kuwa herufi moja. Ritifaa iliyopinda huchukua baiti 3 katika UTF-8. Hivyo, kufuta mara moja kuliweza kuacha mabaki yasiyosomeka. Toleo la 4.3 la mwaka 2002 lilianza kushughulikia herufi za baiti nyingi. Mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo, yaani OpenOffice ya Kiswahili. Jambo ilitafsiri maneno yaonekanayo kwenye skrini. Kanuni za mstari wa amri zilibaki nje ya kazi hiyo.

Kanuni mojawapo ni ile inayofafanua neno kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu tu. Mtumiaji akibonyeza Alt na kitufe cha kufutia mwishoni mwa ng'ombe, "ombe" hutoweka na "ng'" hubaki. Neno la Kiingereza "don't" hukatwa vivyo hivyo, lakini humo ritifaa huashiria herufi iliyodondoshwa. Katika Kiswahili ni sehemu ya sauti yenyewe, inayotenganisha mwanzo wa ng'ombe na ule wa ngoma.

Control na W hulifuta neno zima, kwa kuwa amri hiyo hufuata nafasi kati ya maneno. Hata hivyo, njia hiyo haiondoi tatizo la msingi. Kasoro ya baiti ilitambuliwa kuwa kosa, ikarekebishwa; mkato wa ng'ombe umeandikwa katika mwongozo kama kanuni. Kwa hiyo, historia ya kasoro haina budi kuuliza pia ni lugha zipi zilizozingatiwa neno lilipofafanuliwa.