Ardhi Iliyotangazwa kuwa ya Ziada

Mwaka 1887 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Dawes. Ardhi ya pamoja ya makabila ya wenyeji ikakatwa vipande, mkuu wa kaya akipimiwa ekari 160, na iliyobaki ikatangazwa kuwa ya ziada na kuuzwa kwa walowezi. Kutoka ekari milioni 138, makabila yalibakiwa na milioni 48 kufikia 1934. Hakuna aliyeuliza wajukuu wangelima wapi.

Huko California, mikataba 18 iliyotiwa saini na makabila mwaka 1851 na 1852 ilikataliwa na Seneti ya Marekani, kisha ikafichwa hadi 1905.

Dai la ardhi hizo lilirudi kwa kishindo Novemba 1969, vijana wa makabila mbalimbali walipokikalia kisiwa cha Alcatraz, ambacho gereza lake lilifungwa 1963. Walishikilia kwamba Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 unawapa haki ya ardhi ambayo serikali imeacha kuitumia. Waliondolewa Juni 1971. Mwaka 1975 sheria iliruhusu mali ya serikali kuu isiyohitajika, iliyomo ndani ya maeneo ya makabila, ishikiliwe kama amana kwa ajili yao.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni Tuluwat, kisiwa cha kabila la Wawiyot katika Ghuba ya Humboldt, California. Februari 1860, wakati wa ngoma yao ya kuiombea dunia, walowezi waliwavamia usiku kwa mashoka na visu. Waliouawa wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Baadaye karakana ya meli iliacha sumu udongoni. Mwaka 2000 Wawiyot walichangishana, wakanunua ekari moja na nusu kwa dola 106,000, wakaanza kuisafisha. Halmashauri ya mji wa Eureka ikawarudishia ekari 40 na ushei mwaka 2004, na zaidi ya 200 mwaka 2019, baada ya kuamua kwamba haizihitaji. Ngoma yenyewe ilishachezwa tena 2014.

Septemba 2020 Gavana Gavin Newsom alizitaka taasisi za jimbo la California zishirikiane na makabila yanayotaka ardhi asilia ambayo jimbo haliihitaji. Ni hatua njema, nami naiunga mkono. Hata hivyo, anayeamua kipi hakihitajiki bado ni jimbo. Kabila lingepaswa kuulizwa kabla karakana haijajengwa. Wawiyot waliipata ardhi yao baada ya mafuta na kemikali kuzama ardhini, na kazi ya kuzichimbua ikawa yao.